Kopo la Wazima

Hebu mwone anavyokuja. Ni asubuhi, lami bado haijapata joto, na yeye anatembea upandeupande, bega la kulia likitangulia kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Njia ni pana tu. Tatizo ni mgongo. Ovaroli yake ilikuwa ya buluu siku ilipotoka dukani, lakini sasa haina rangi unayoweza kuitaja. Mkononi ana chupa ya chai. Kwapani amebana kipande cha katoni kilichokunjwa, maana akikiacha gereji hatakikuta. Kipande hicho ndicho kitanda chake cha mchana: hukitandika chini ya magari ya watu, akalala chali, akatazamana na injini uso kwa uso.

Wanamwita Koleo. Jina alilopewa na wazazi lipo, ila hata mkewe akilitumia huchelewa kuitika. Aliitwa hivyo tangu ujana kwa sababu akishika kazi haachii. Na ndiyo hiyo, ukiniuliza mimi, iliyomchosha. Tangu fundi wa tatu wa gereji yao aondoke kwenda kujitafutia, kazi za huyo aliyeondoka ziligawanywa kwa wawili waliobaki, na mgao kila mara ulimwangukia Koleo, kwa kuwa mwenzake ni fundi wa umeme na hapendi kuinama.

Huyo mwenzake ni Redio. Utajua kwa nini anaitwa hivyo ukikaa naye kabla hujamaliza kunywa kikombe kimoja cha chai.

"Ooo, Koleo huyo! Umelala au umelazwa?" Redio alimpokea siku hiyo ya Ijumaa. "Maana uso huo, kaka, hata mbwa wa jirani ameupisha."

"Nimelala."

"Umelala wapi, kwenye mashine ya kusaga?"

Koleo aliweka chupa ya chai juu ya meza ya kazi, akalitazama gari lililokuwa katikati ya uwanja, boneti wazi, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha daktari wa meno kwa muda mrefu mno. Gari la dada yake.

Dada yake huyo ni mkunga. Amemtangulia kwa kuzaliwa, na hajawahi kumwacha asahau. Ni mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, na kwa miaka mingi amekuwa akiendesha lile gari kuukuu kwenda nyumba kwa nyumba kuwatazama wajawazito, na wakati ukifika, kuwapeleka zahanati ile iliyo juu ya kilima. Kiti cha nyuma cha gari hilo kina taulo safi kila siku. Wapo watu wazima mtaani humo wanaoonyeshwa kile kiti na kuambiwa, wewe ulianzia hapo.

Wiki chache zilizopita gari lilianza tabia mpya. Linawaka vizuri, linatembea vizuri, halafu likishapata moto, kimya. Linazima kama mshumaa uliopulizwa. Ukilisubiri lipoe, linawaka tena kana kwamba halikufanya kitu. Mara ya mwisho lilizima katikati ya kile kilima, mama wa watu akiwa kiti cha nyuma ameshika mlango kwa mikono miwili. Mtoto alizaliwa palepale, magari mengine yakiwapigia honi. Alikuwa mzima, mama naye mzima. Lakini mkunga alipofika gereji siku ya pili, gari likivutwa kwa kamba, hakukaa hata alipopewa kigoda.

"Mdogo wangu," alisema, "sitabeba tena mtu kwenye gari nisiloliamini. Mnunuzi wa vyuma chakavu nimeshaongea naye. Atakuja Jumamosi adhuhuri. Ukilitengeneza kabla hajafika, sawa. Usipolitengeneza, analichukua, na mimi nakaa nyumbani. Wenye miguu watanifuata wenyewe."

"Na wasio na miguu ya kufika?"

"Ndiyo maana nimekuletea wewe, sikumpelekea mtu mwingine."

Basi. Na unajua mwenyewe, maneno machache ya dada mkubwa hayana pa kuyawekea.

Sasa nikueleze jambo moja la gereji hiyo, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Kwenye rafu ya juu kuna kopo kubwa la maziwa ya unga, tupu siku nyingi. Wanaliita kopo la wazima. Chini ya meza kuna ndoo iliyopasuka ukingo. Hiyo wanaiita ndoo ya marehemu. Gari la mtu likifa kabisa, kabla halijakatwakatwa, wao huchomoa vile vidude vidogo vya umeme vinavyoweza kuwa na uhai bado. Kila kimoja hujaribiwa. Kikifaulu, hufungwa alama na kuingia koponi; kikishindwa, ndooni, kipumzike kwa amani. Halafu likija gari la mteja lenye ugonjwa usioeleweka, hakuna anayetumwa dukani kununua kwa kubahatisha. Unachukua mzima kutoka koponi, unamfunga kwa kujaribia. Gari likipona, umeshaujua ugonjwa, unanunua kipya. Lisipopona, ugonjwa uko kwingine, endelea kutafuta.

Ni utaratibu mzuri na umewasaidia watu wengi. Ila unasimama juu ya sharti moja tu: mtu akisema huyu ni mzima, awe mzima kweli. Kwa hiyo kifaa hakiingii koponi mpaka kijaribiwe na injini ya moto: uiache ingurume mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe, izime, iwake tena. Hapo ndipo unafunga alama. Redio hufunga kwa utepe mweusi wa umeme. Koleo hufunga kwa uzi wa shaba, ncha akizisokota mara mbili na kuzilaza.

Siku gari lilipoletwa, Redio alichomeka mashine yake ya kusomea hitilafu, ile anayoifuta vumbi kuliko anavyofuta viatu vyake. Mashine ilisema: sensa ya krenki. Hiki ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kinakaa chini kabisa pembeni mwa injini, kikihisi inavyozunguka na kuiarifu kompyuta ya gari ni lini plagi zitoe cheche. Kikinyamaza, cheche zinakatika na injini inazima, hata kama tangi limejaa petroli mpaka shingoni.

Koleo alikwenda koponi, akachagua sensa ya aina ileile, akalala juu ya katoni na kuibadilisha. Bolti ni moja tu, lakini imekaa mahali ambapo mkono hauingii bila kuacha ngozi. Akalitoa gari barabarani. Likazunguka mtaa, likapata moto, likazima mbele ya duka la mkate.

"Mashine yako inasema uongo," alimwambia Redio.

"Mashine haina mdomo wa kusema uongo, Koleo."

"Nimeweka sensa nzima. Gari limezima. Kama sensa ni nzima na gari linazima, sensa haihusiki. Au hesabu hizo pia mpaka uiulize mashine?"

Sensa ile ya koponi akaiacha humohumo kwenye injini, hakuwa na nguvu ya kuinama tena. Ya dada yake akaitupia kwenye kidroo cha mbele cha gari. Kisha akaanza kuhangaika. Alibadilisha pampu ya petroli. Akafungua waya wote wa upande wa injini, akaupitisha kati ya vidole inchi kwa inchi akitafuta palipokatika. Akakwangua kutu kwenye viungo vya betri, akabadilisha koili. Kila akimaliza, gari linawaka, analishangilia kimoyomoyo (Jumatano hata alimwahi dada yake kumwambia limepona), na likipata moto linazima. Jioni alikula akisinzia. Mkewe aliwahi kumshika mkono uliokuwa umesimama njiani kati ya sahani na mdomo.

"Baba, meza chakula kwanza. Utalala nacho."

"Nimemeza."

"Umemeza nini wakati kiko mkononi?"

Sasa tumefika ile Ijumaa. Hakuna kilichobaki kubadilishwa isipokuwa dereva. Koleo aliliwasha gari, akakaa kwenye kiti, mlango wazi, mguu mmoja nje, akangoja. Kungoja ndiyo kazi ambayo wateja hawaioni. Watu wanadhani fundi akikaa kwenye gari la mtu anajipumzisha, kumbe mgongo wote umekaza akisubiri kidude fulani kifanye ubaya wake. Mshale wa joto ulipanda. Feni ikawaka, ikazima. Ikawaka tena. Injini ikakohoa na kunyamaza.

Alizungusha ufunguo. Stata inazunguka, injini haishiki. Na hapo macho yake, mekundu kwa usingizi, yalitua kwenye ule mshale mdogo wa mizunguko ya injini. Stata ikizunguka, mshale huo hutikisika kidogo, maana habari zake hutoka kwenye sensa ya krenki. Huu ulikuwa umelala chini kama umechoka kuliko yeye.

"Redio."

"Naam, mkuu."

"Niletee tambara la maji."

"Umepata homa?"

"Lete tambara, bwana!"

Alilala juu ya katoni, akapitisha mkono mahali pale pa kuchubuka, akaifunika sensa kwa lile tambara baridi. Akakaa chini ya gari kwa muda, macho ameyafumba. Redio aliinama kuhakikisha kama anapumua. Kisha Koleo akatoka, akazungusha ufunguo, na injini ikaitika mara moja. Akaiacha ipate moto tena. Ikazima. Tambara tena. Ikawaka.

Redio alisimama na mikono kiunoni. Alikuwa ameingoja siku hii. "Kwa hiyo ni nini? Sema mwenyewe, nataka nisikie. Mashine ilisema nini?"

"Sensa."

"Mashine ya nani?"

"Redio, nyamaza. Hii siyo sensa ya dada. Hii ni ya koponi."

"Basi ya koponi inaumwa."

"Ya koponi haiumwi! Ndiyo maana iko koponi."

Walitazamana. Kisha Koleo akaichomoa, akaifuta kwa ovaroli, na kuchukua ile nyingine kwenye kidroo. Akamimina maji ya moto kwenye kikombe chake cha chai. Sensa zote mbili akazitia kila moja kwenye kimfuko chake cha nailoni, waya zikiwa nje, akaitumbukiza kwanza ile ya dada. Redio alishika mita yake ya kupimia umeme kwenye waya zake. Ikiwa bado baridi, namba ilikuwa nzuri. Dakika zikapita, namba ikaanza kuyumba, halafu ikapotea. Njia ya umeme ndani imekatika. Wakaitumbukiza ile ya koponi. Namba nzuri. Ikayumba. Ikapotea.

"Pacha," alisema Redio. "Zina ugonjwa mmoja. Baridi nzima, moto maiti. Sasa nani aliyetuwekea maiti kwenye kopo la…"

Aliona kile Koleo alichokuwa amekiona tangu alipoifuta: uzi wa shaba, ncha zimesokotwa mara mbili na kulazwa.

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Redio alikosa stesheni. Alifunga waya za mita yake taratibu, akaenda kuosha kikombe ambacho hakikuwa chake.

Koleo alikaa juu ya tairi. Alikumbuka vizuri. Ilikuwa siku ya mvua, ile mvua ya kuingia shingoni. Lilikuwepo gari lililokuja kufa pale, akachomoa sensa yake, akaifunga kwenye gari jingine ili aijaribu. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri kabisa. Ilibaki kungoja feni. Na siku hiyo, mgongo ukimuuma mpaka kwenye meno, alijiambia kwamba injini iliyonguruma hivyo haina neno. Akaizima ikiwa bado baridi, akafunga uzi wake wa shaba, akaenda nyumbani. Hivyo tu. Hakuiba wala hakudanganya. Alishindwa tu kukaa.

"Hata mimi kuna siku sikungoja," alisema Redio kutoka kwenye bomba, bila kugeuka.

"Siku gani?"

Redio alifikiri. "Sikumbuki. Ila lazima ipo."

Koleo alijua kwamba huo ulikuwa uongo wa mapenzi. Alimwagiza akanunue sensa mpya dukani, naye Redio akaenda bila utani hata mmoja. Mchana huo waliifunga. Jioni Koleo aliliendesha gari mpaka akachoka kuona nyumba zilezile. Feni ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Injini haikukohoa. Kabla hajaondoka, alimwaga kopo la wazima lote juu ya meza, akatenga kila chenye uzi wa shaba, akavitia kwenye mfuko wake mwenyewe ili vijaribiwe upya. Ulikuwa mfuko mzito.

Jumamosi, mnunuzi wa vyuma chakavu alifika mapema, mnyororo begani, akazunguka gari akiligonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Mkunga alifika nyuma yake kwa miguu, mkoba wake wa kazi mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Limepona?"

"Limepona."

"Uliniambia hivyo Jumatano."

"Ndiyo." Koleo alitazama viatu vyake. Angeweza kunyamaza hapo. Redio, aliyekuwa nyuma ya boneti la gari jingine, alikuwa akimkonyeza anyamaze. "Dada, ugonjwa tuliujua siku ya kwanza. Ni mimi niliyetupoteza njia. Sensa ya kujaribia niliyokuwekea ilikuwa mbovu, na niliyeifungia alama ya mzima ni mimi. Sikuingoja ipate moto. Nilikuwa nimechoka."

Mnunuzi aliuteremsha mnyororo begani. Alikuwa na sikio la biashara. "Mama, umesikia mwenyewe. Fundi anakwambia yeye ndiye aliyekosea. Mimi nikuondolee mzigo, sivyo?"

Mkunga alikuwa akimtazama mdogo wake: lile bega lililotangulia, vidole vilivyochubuka, yale macho.

"Na hii mpya, umeingoja?"

"Nimeingoja."

"Mpaka feni?"

"Mpaka nikaichukia hiyo feni, dada."

Alinyoosha mkono. Koleo akaweka ufunguo juu ya kiganja chake, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyejua kiganja kile kingefungwa au kingesogea upande wa mnyororo. Kikafungwa.

"Ndugu," mkunga alimwambia mnunuzi, "samahani kwa kukuchosha miguu. Rudi na mnyororo wako." Kisha kwa Koleo: "Ingia. Siyo mbele. Nyuma, wanakokaa wagonjwa wangu. Kama litazima kilimani, nataka na wewe uone linavyozima ukiwa huko."

"Mwekee na taulo!" Redio alipaza sauti. Stesheni ilikuwa imerudi.

Walipanda kilima kile kwa gia ya pili. Mahali mtoto alipozaliwa mkunga alipunguza mwendo, si kwa sababu ya gari. Mshale wa joto ulipanda, feni ikawaka, gari likaendelea kupanda, likipumua vizuri mpaka juu, mbele ya lango la zahanati. Alisimama pembeni lakini hakuzima injini. Alikaa akishika usukani, akimsemesha mdogo wake bila kugeuka, macho yakiwa langoni.

"Nikuambie kitu usimwambie mtu. Mwezi uliopita nilimpima mama mmoja tumbo, nikamwambia mtoto ameshageuka, kichwa kiko chini, asiwe na wasiwasi. Nikafunga mkoba. Nilipofika getini nikajiuliza kama mikono yangu ilihisi kweli, au ilisema tu kile ilichozoea kusema. Nikarudi. Mtoto alikuwa amelala kimkingamo. Ningetoka nje ya lile geti, leo tungekuwa tunasema mengine. Nilikuwa nimechoka, kama wewe. Nilirudi siku ile. Lakini zipo siku ngapi ambazo sikurudi, kwa sababu sikujiuliza? Gari likiugua linawasha taa. Sisi je, mdogo wangu, tutajuaje?"

Aligeuza shingo. Koleo alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, taulo safi limemfunika nusu ya magoti. Kule ndani ya zahanati palikuwa na mama aliyekuwa akimsubiri mkunga, na kule chini gereji palikuwa na mfuko mzito wa vidude vyenye uzi wa shaba vinavyomsubiri fundi. Mkunga aliuangalia mkoba wake. Akamwangalia mdogo wake. Injini ilikuwa ikinguruma polepole, feni ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima.

Wewe ungekuwa kwenye kiti kile cha mbele, na swali lako bado halijajibiwa, ungemwamsha?